Nani Anaweza Kukuambia Uondoke?

Mpwa wangu alifika Korogwe kwa basi la asubuhi, begi dogo mgongoni, bahasha ya kaki ameibana kwapani. Aliniamkia, akakaa mkekani, akamaliza kikombe kizima cha chai bila kusema neno. Kisha akasema, "Mjomba, nataka kuhama moja kwa moja. Sitaki ile ya kwenda kutafuta halafu narudi."

Kwenye bahasha mlikuwa na picha nne za pasipoti, nakala ya cheti cha kidato cha nne, na karatasi ya daftari aliyoandika safari tatu. Ya kwanza Muscat, ambako rafiki yake amemwambia kuna kazi ya udereva. Ya pili Mombasa, kwa mama yake mdogo. Ya tatu ekari kumi za pori huku Handeni, ambazo mtu amemtajia kwa bei ya kushangaza. Chini ya kila safari alikuwa ameandika nauli, bei ya chakula, kodi ya chumba. Hesabu zake zilikuwa nzuri. Nilimrudishia karatasi nikamwuliza jambo moja ambalo hakuwa ameliandika: "Ukishafika huko, nani anaweza kukuambia uondoke?"

Alinyamaza. Najua wasomaji wengi wa rika lake wana bahasha kama ile, ndiyo maana naandika. Mtu anayehama kwa muda anauliza mshahara. Anayehama moja kwa moja hana budi kuuliza ni nani mwenye uwezo wa kumwondoa, kwa karatasi gani, na yeye atamjibu kwa karatasi gani.

Hapa Korogwe swali hilo si geni. Ukienda Ngombezi, au ukishuka Hale, au ukipanda kuelekea Magoma, utaona safu za nyumba ndogo za kambi za mkonge. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, mwaka uleule ujenzi wa reli ulipoanza kutoka Tanga. Wenyeji, yaani Wazigua, Wasambaa na Wabondei, walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na shida ya kukata mkonge mwaka mzima. Wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali: Kigoma, Songea, Iringa, Ruanda-Urundi, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mwaka 1944 wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inawakusanya watu na kuwaleta. Kila mmoja alipewa namba, wakaitwa manamba.

Miaka michache iliyopita nilikaa kambini na mzee mmoja, Muha kwa asili, umri wake umepita miaka themanini. Alinionyesha mkebe wa biskuti ulioshika kutu. Ndani mlikuwa na kipande cha kazi cha siku thelathini, visanduku vyake vimejazwa kwa wino wa buluu uliofifia, kadi ya TANU, na picha ya mwanamke ambaye sasa ni marehemu. Alivipanga mkekani kimoja kimoja kama mtu anayegawa karata. Akaniambia alikuja kwa mkataba, akiwa na nia ya kurudi na baiskeli. Baiskeli aliipata. Akaoa huku, akazaa huku. Mwishoni mwa miaka ya sitini bei ya mkonge ilikuwa imeanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, kisha miaka ya tisini yakauzwa tena. "Wenye shamba wamebadilika," alisema, "na kila wakibadilika tunaulizwa sisi ni akina nani." Nyumba anayolala ni ya shamba. Mwembe alioupanda mwenyewe ni wa shamba. Watoto wake wanalima vipande vya kuazima kandokando ya reli.

Mzee yule ni Mtanzania, hakuna wa kumfukuza nchini mwake. Ibara ya 17 ya Katiba inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote katika Jamhuri ya Muungano. Lakini haki ya kuishi popote si sawa na kuwa na mahali. Alifika kwa mkataba wa kazi, mkataba ukaisha, na miaka yote iliyofuata hakuna aliyemwambia kwamba kazi na makazi ni vitu viwili, kila kimoja kina karatasi yake. Ukinikumbuka kwa jambo moja, nikumbuke kwa hilo. Atakayekupokea kwa kazi atakuhesabu kwa kazi, na siku kazi ikiisha atategemea uondoke. Anza kutafuta karatasi ya makazi ukiwa bado na nguvu za kuitafuta.

Sasa vuka Mto Pangani uje Handeni, kwenye makazi ya Chogo. Habari ya hapo huwa naisimulia taratibu, maana ni nzito.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliwapiga Wazigua. Wengi waliteremka pwani, wengine wakiahidiwa kazi na chakula, wakapakiwa majahazini na kuuzwa kwenye mashamba ya kusini mwa Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya bonde la Mto Juba, na simulizi zao humtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa kiongozi wao. Wakajenga vijiji, wakalima mahindi, wakaendelea kusema Kizigua chao kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1991 dola ya Somalia ilipovunjika, wao walikuwa na nafaka lakini hawakuwa na ukoo wenye bunduki. Wakaporwa, wakauawa, wakakimbia. Wengi walivuka mpaka hadi kambi za Dadaab nchini Kenya. Wengine, kama watu elfu tatu hivi, waliishia mkoani Tanga, wakawekwa kwanza Mkuyu, wilayani Handeni, kisha kuanzia 2003 Chogo. Wazigua wa hapa walipowasikia wakiongea, walielewana.

Ungedhani yaliishia hapo: watu wamerudi kwao, lugha ni moja, wapewe jembe walime. Haikuwa hivyo. Kisheria walikuwa wakimbizi, na mkimbizi huishi anakoruhusiwa. Ilibidi kila mmoja aombe uraia wa tajnisi, fomu yake ipite ngazi kwa ngazi hadi kwa waziri. Kufikia 2009 zaidi ya watu 1,300 walikuwa wamekubaliwa, na wengine wakafuata. Ndipo mtu aliyezaliwa bonde la Juba akaweza kusema Handeni ni kwao bila kumwangalia ofisa usoni.

Wenzao waliobaki Kenya walipita njia ndefu zaidi. Tanzania ilifikiriwa kuwapokea, haikuwezekana. Msumbiji ikakubali mwaka 1997, kisha ikaghairi. Marekani ikakubali mwaka 1999, na kuanzia 2003 watu kama elfu kumi na mbili wakasafirishwa, wengine wakaishia jimbo la Maine kwenye theluji. Kwa sheria ya Marekani mkimbizi huomba ukazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja, na uraia baada ya miaka mitano tangu alipoingia. Mlango huo wa wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya Rais Januari 2025. Nautaja ili usimsikilize mtu anayekuuzia "nafasi ya ukimbizi". Nafasi hiyo hainunuliwi. Mkimbizi hupendekezwa na UNHCR au nchi inayompokea, na hakuna ada.

Mpwa wangu alinishika hapo. "Mjomba, kama damu haikuwatosha wale, mimi Mombasa itanitosha nini?" Ni swali zuri.

Watu wengi wanaamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshafuta mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kweli imerahisisha kuingia, kufanya kazi na kufungua biashara. Lakini itifaki hiyohiyo imeacha mambo mawili mikononi mwa sheria za kila nchi: ukazi wa kudumu na ardhi. Hayo ndiyo mawili anayoyataka mtu anayehama moja kwa moja. Ukienda Mombasa unaingia kwa muhuri wa kukaa kwa muda. Ukitaka kufanya kazi unaomba kibali cha kazi. Uraia wa Kenya unaweza kuuomba baada ya kuishi kihalali miaka saba mfululizo, au baada ya miaka saba ya ndoa na raia wa Kenya. Na kwa Katiba ya Kenya ya 2010 asiye raia hamiliki ardhi moja kwa moja, anaipata kwa kukodi tu, muda usiozidi miaka 99.

Neno "kihalali" ndilo lenye uzito. Waulize Wamakonde wa Kwale. Babu zao walitoka Msumbiji, wengine wakipitia huku kwetu, wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa na mkonge ya pwani ya Kenya. Wajukuu walizaliwa Kenya, wakasoma Kenya, ila hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho hufungui akaunti, hununui laini ya simu kwa jina lako, na askari akikusimamisha barabarani huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kuonana na Rais, na ndipo wakatambuliwa na kuanza kupewa vitambulisho. Vizazi vitatu vilipita kabla ya hapo. Mama mdogo atakupa chumba na chakula, lakini hawezi kukupa hadhi ya kisheria. Tangu siku ya kwanza tunza kila karatasi yenye muhuri, kibali kwa kibali, ili siku ya kuhesabiwa miaka saba uwe na cha kuhesabia.

Kuhusu Muscat nilimwambia waziwazi kwamba ile si safari ya kuhama. Si mbaya, ila haiwi ya kuhama. Katika nchi za Ghuba, kwa kawaida, kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini. Yeye ndiye anayeweza kukuambia uondoke, na mara nyingi hahitaji sababu ndefu. Watu wetu wenye asili ya Oman waliopokewa kule miaka ya sabini, baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, walipokewa kwa nasaba yao, na wengi wao wamekuwa raia kamili wanaozungumza Kiswahili sokoni hadi leo. Usiwaone wao ukadhani mlango huo uko wazi kwako. Sheria mpya ya uraia ya Oman ya mwaka 2025 inadai miaka kumi na mitano ya kuishi humo mfululizo, Kiarabu cha kusoma na kuandika, na masharti mengine juu yake.

Nenda Muscat kama unavyokwenda msimu wa kuvuna machungwa: unakwenda, unavuna, unarudi na cha kununulia kiwanja. Pitia wakala mwenye leseni, na leseni hiyo ihakikishe mwenyewe kwa Kamishna wa Kazi au TaESA, wakala wa Serikali wa huduma za ajira. Mkataba usome kwa lugha unayoijua kabla hujatia saini. Nakala ya pasipoti na mkataba muachie mtu nyumbani. Na pasipoti yako usikubali ikae kabatini kwa mtu mwingine. Nilimpokea binti wa jirani kituo cha mabasi cha Segera, saa nane usiku, amerudi kutoka Ghuba na mfuko wa rambo tu. Mishahara ya miezi mitano ilibaki kule kwa sababu mkataba ulikuwa kwa Kiarabu na pasipoti ilikuwa kwa bosi. Hakulia. Aliomba maji ya kunywa, akaniuliza kama masika yamenyesha.

Nchi za mbali zaidi nitazipitia haraka, kwa kuwa habari zake zinapatikana kwenye tovuti za serikali zao, na ni huko tu unakopaswa kuzisoma. Kanada ina mfumo wa kuhesabu alama ulioanza Januari 2015. Inapima umri, elimu, uzoefu wa kazi, na Kiingereza au Kifaransa chako, na anayekubaliwa anaingia tangu mwanzo akiwa mkazi wa kudumu. Baada ya siku 1,095 za kuwepo nchini humo ndani ya miaka mitano anaweza kuomba uraia. Ujerumani inawatafuta wauguzi na mafundi, na kikwazo kikubwa ni lugha. Anayetaka kwenda huko aanze Kijerumani leo, mwaka mzima kabla hajaulizia viza. Katika nchi zote hizi maombi unaweza kuyajaza mwenyewe. Anayekuambia kwamba bila yeye haiwezekani anakula kwa kutokujua kwako.

Kuna hesabu nyingine ambayo wanaokwenda mbali huifanya wakiwa wamechelewa. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ujerumani iliruhusu kuanzia Juni 2024, Kenya ilisharuhusu tangu 2010, lakini ruhusa yao haibadilishi sheria yetu. Siku unayokula kiapo cha nchi nyingine kwa hiari yako, uraia wa Tanzania unaupoteza. Mtoto mwenye uraia wa pande mbili anaruhusiwa hadi miaka kumi na minane, kisha anachagua. Na asiye raia kwa kawaida hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Maana yake ni kwamba swali langu linakugeukia nyumbani: kule hawawezi tena kukuondoa, lakini huku unaingia kwa viza, na shamba la baba lililoandikwa jina lako limeingia mashakani. Serikali imeshughulikia utaratibu wa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, na ni jambo la heri, ila masharti yake ulizia Uhamiaji, usiyasikie kijiweni. Hadhi si uraia. Ukazi wa kudumu wa nchi nyingine hauugusi uraia wako, na kwa familia nyingi unatosha maisha yote. Kabla hujapanda ngazi kutoka ukazi kwenda uraia, kaeni kikao cha ukoo. Shamba liandikwe nani? Nani atalilipia? Mama akifa, nani atasimama mbele ya Baraza la Ardhi?

Tulikula chakula cha mchana, tukalala kidogo. Jioni akaitoa tena ile karatasi akaweka kidole kwenye safari ya tatu. Ekari kumi, Handeni.

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko kokote, kwa sababu watu wengi zaidi huhama mkoa kwa mkoa kuliko nchi kwa nchi, na ndiko wanakotapeliwa wakiwa wameridhika kabisa. Handeni bado ina nafasi. Barabara kuu ya Chalinze hadi Segera inapita Mkata na Kabuku, machungwa na mahindi yanatoka, na mtu wa milimani Lushoto au wa Kilimanjaro ambako ardhi imebanana akiona lile pori anatokwa na machozi ya furaha. Anakutana na mzee mwenye shamba, wanakubaliana bei, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri kwenye karatasi ya daftari, fedha zinahesabiwa chini ya mti. Mnunuzi anaondoka akiamini amehamia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ule wa watu wazima wote. Mgeni anayetaka kuingia anaomba kwa Halmashauri, maombi yanapelekwa kwenye Mkutano Mkuu, na muhtasari unaandikwa. Huo muhtasari ndio mali. Ona jina lako ndani yake. Ona mipaka imeandikwa kwa majina ya majirani wa pande nne. Ona saini na mahudhurio. Kisha fuatilia hati miliki ya kimila, inayotolewa kijijini na kusajiliwa wilayani, na kama una mke, majina yenu yawe mawili.

Kabla ya yote hayo, omba kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Vijiji vingi vimegawa maeneo: hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu wa hifadhi, hapa makazi. Pori linalouzwa kwa bei ya kushangaza mara nyingi ni malisho ambayo wafugaji wamekuwa wakiyatumia kiangazi, wakati wewe umelitazama masika likiwa halina ng'ombe hata mmoja. Ukilima hapo, mgogoro utakukuta Septemba. Ndiyo maana nasisitiza: shamba la Handeni usiende kuliona mwezi wa Mei. Nenda mwisho wa kiangazi. Angalia lambo lina maji au ni tope lililopasuka. Uliza dumu la lita ishirini ni shilingi ngapi siku hiyo. Tembea na akina mama wanaokwenda kuteka, uhesabu muda. Mwanamume huuliza rutuba, na mkewe ndiye anayekuja kuishi na umbali wa maji, kwa hiyo nenda naye, na maneno yake uyape uzito sawa na yako.

Lala kijijini walau wiki moja kabla ya kulipa. Wasalimie waliokutangulia, Wazigua wenye makaburi ya babu zao pale, na wafugaji waliokuja baadaye. Waulize bila haraka: hili shamba lilikuwa la nani kabla ya huyu mzee? Wanawe wanajua kwamba linauzwa? Nimeona kesi kwenye baraza la kata ambapo muuzaji alikuwa ndugu mmoja kati ya saba. Mnunuzi alikuwa na risiti, ndugu sita walikuwa na haki.

Na wapo waliohamia Handeni kwa njia nyingine kabisa. Tangu Juni 2022 Serikali imekuwa ikihamisha familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kuja kijiji cha Msomera, ikiwajengea nyumba na kuwapa mashamba. Serikali inasema wanakuja kwa hiari. Wapo waliokuja, wakashukuru kwa shule na zahanati zilizo karibu. Wapo wengine wa Ngorongoro waliosema kwamba hiari inayokuja baada ya huduma kupunguzwa huko walikotoka si hiari, na mashirika ya haki za binadamu yameandika hivyo. Na wapo watu wa Msomera wenyewe, waliokuwa wanalima na kuchunga pale, waliosema ardhi iliyogawiwa ilikuwa yao. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wa Wamaasai mjini Arusha, na mwaka uliofuata zikaundwa tume mbili kulishughulikia suala hilo. Mimi naamini kwamba mtu anayehamishwa, hata kwa wema, ana haki ya kuuliza maswali yaleyale anayouliza mnunuzi: ardhi hii ilikuwa ya nani, waliokuwa wanaitumia walishirikishwa wapi, hati itatoka kwa jina la nani, mke yumo, na wajukuu watalisha wapi ng'ombe ekari zikijaa? Ukipewa nyumba, iombee hati. Jirani akikuambia ulipojengewa palikuwa shamba lake, usigombane naye usiku. Nendeni wote wawili ofisini, kwa sababu aliyewaweka katika hali hiyo si yeye wala si wewe.

Ukishafika mahali papya ndani ya nchi, kuna mambo madogo ambayo watu huyadharau. Ondoka na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa uliotoka. Jiandikishe kwa mwenyekiti ndani ya siku za mwanzo. Hamisha watoto shule kwa maandishi. Hamisha taarifa zako kwenye daftari la wapiga kura. Hudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji kila unapoitishwa, hata ukiwa huna la kusema, maana jina linaloonekana kwenye mahudhurio ya miaka mitatu ni vigumu kuitwa jina la mgeni. Na msiba ukitokea, nenda uchimbe kaburi. Kwa watu wa Tanga hakuna karatasi inayolishinda hilo, ingawa nalo halitoshi peke yake.

Giza lilipoingia nilimwambia atoe vyeti vyake vyote kwenye bahasha, tukavitandaza chini ya taa. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili. Namba ya NIDA ina majina matatu, na la kati limeandikwa kwa herufi iliyokosewa. Kadi ya kliniki ina jina la babu yake mzaa mama, ambalo alilitumia utotoni tu. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukifuatilia. Watu watatu tofauti, na wote ni yeye. Ofisa wa pasipoti, ofisa wa ubalozi wowote, karani wa Mombasa na mtendaji wa kijiji cha Handeni, kila mmoja angemwuliza yeye ni yupi kati ya hao watatu.

Kwa hiyo safari zote tatu ziliahirishwa kwanza. Asubuhi aliniomba nauli ya kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, ambako huduma ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, inapatikana, kuulizia cheti cha kuzaliwa. Nyuma ya karatasi yake ya daftari aliandika mpangilio: cheti, kisha kiapo cha majina kwa mwanasheria, kisha NIDA wasahihishe, ndipo pasipoti, shilingi 150,000. Chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, akaandika Septemba, Handeni, kuona lambo.

Aliniuliza kama ningeweza kwenda naye. Nikamwambia nitakwenda, na mama yake naye aje.